Ampea Ishirini na Sita

Ijumaa, saa nane kasoro robo mchana, Zabibu, mama lishe, aliingia kwa mlango wa nyuma wa ua wa Salmini, pale Gongoni, Tabora, sinia tupu mkononi. Alikuwa ametoka kuwapelekea mafundi wa stesheni wali wao, na sasa alitaka kupanda ngazi ageuze michembe yake, viazi vitamu vya kukausha, aliyoianika juu ya Hiace ya Salmini. Alivikata tangu alfajiri. Mbuzi wa mtaa ule hawana adabu, na juu ya gari ndiko mahali pekee wasikofika. Asubuhi Salmini mwenyewe alicheka, akamshikia ngazi.

Hakupanda. Mlango wa ubavuni wa ile Hiace ulikuwa wazi, na mkono wa mtu ulikuwa unaning'inia nje.

Salmini alilala kifudifudi juu ya kitanda kipya alichokifunga wiki iliyopita. Kisogo chake kilikuwa kimebondwa hata hakikutambulika. Damu iliruka mpaka kwenye dari ya mbao, ikachuruzika juu ya swichi na waya. Spana ya magurudumu ilikuwa sakafuni, nywele zimeigandia.

Zabibu akapiga yowe.

Yowe lile alilijutia baadaye kuliko jambo jingine lolote. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye swala ya Ijumaa, na kufumba na kufumbua ua ulijaa. Wakati huohuo mdogo wake Zabibu, Masele, fundi wa sola aliyekuwa akifunga umeme wa gari lile, aliingia kwa geti la mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa leso iliyolowa damu, na leso yenyewe ilikuwa ya Salmini.

"Damu hiyo!" Fikiri, mchomeleaji wa jirani, alipaza sauti. "Mshikeni! Kamuua huyo!"

"Nimejikata na bati asubuhi, bosi ndiye kanifu—"

Hakumaliza. Tofali la kwanza alilirusha Fikiri, likampata Masele mdomoni. La pili halikujulikana ni la nani. Wakamwangusha, wakamkanyaga mbavu, mmoja akampiga mtaimbo mguuni mpaka mfupa ukalia. Zabibu alipasua katikati ya watu akamlalia mdogo wake, akapigwa na yeye. Alikuwa anaona miguu tu, na kila kiatu alikijua: hawa ndio aliowapakulia maharage tangu mwaka juzi. Halafu akasikia harufu ya petroli.

Saa nane na dakika ishirini risasi ililia hewani. Inspekta Apolinaria alikuwa amesimama getini na askari wawili.

"Atakayewasha kiberiti nitamlaza palepale alipo," alisema, wala hakupandisha sauti.

Masele alipelekwa hospitali, akafungwa pingu kwenye kitanda. Jicho moja lilikuwa limeziba kabisa.

"Akipona atashitakiwa kwa mauaji," Inspekta alimwambia Zabibu. "Nakuambia mapema, ujue. Kosa hilo ni kitanzi."

"Afande, Masele hajaua."

"Basi nionyeshe aliyeua."

*

Gari lile Salmini alilinunua ili aligeuze liwe gari la kulala. Alitaka kuwachukua wageni kutoka Tabora, awapitishe njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji, walale porini bila kutafuta hoteli. Kwa friji na taa na feni alihitaji umeme wa jua. Wiki tatu nzima aliumiza kichwa: paneli mbili za wati mia mbili, au nne ndogo? Na kontrola je, kile kisanduku kinachochunga umeme wa paneli usije ukaunguza betri? Achukue ya bei nafuu, au ile ya gharama yenye koili nzito ndani, inayokamua jua mpaka tone la mwisho? Mwishowe alichukua ya gharama, pamoja na paneli mbili, vyote kwa shemeji yake Musab, mwenye duka la sola Isevya. Musab ni kaka yake Khole, mke wa Salmini.

Musab ndiye aliyetoa maelezo jioni ile ya Ijumaa, palepale uani, macho mekundu. Zabibu alikuwa anaosha sufuria za msiba hatua kumi kutoka hapo.

"Nilipita saa sita na robo, afande. Nilimkuta mzima, yuko na huyo kijana. Aliniita nione kontrola inavyosoma. Ampea ishirini na sita! Alifurahi, akasema mzigo wako safi, shemeji. Saa sita na nusu nikaenda msikitini, nikawaacha wawili."

"Masele anasema aliondoka saa tano na nusu kutafuta fyuzi," Inspekta alisema.

"Atasemaje, afande? Aseme, 'Nimeua'?"

Watu wakaguna. Zabibu akaendelea kusugua sufuria.

Mawazo yake ya kwanza yalimwangukia Fikiri. Jumatano Fikiri na Salmini walishikana mashati kwa sababu ya reli za kufungia paneli, na Fikiri alitamka mbele ya watu: "Ipo siku nitakupasua hicho kichwa!" Tena ndiye aliyerusha tofali la kwanza, kama mtu mwenye haraka ya kufunga kesi.

Jumamosi saa tatu asubuhi Zabibu alimfuata kibandani kwake.

"Jana saa sita ulikuwa wapi?"

"Umekuwa polisi siku hizi, mama maharage?"

"Nijibu tu, Fikiri."

"Nilikuwa kwa Anton, nachomelea geti. Umeme ukakatika saa tano, nikakaa pale kuusubiri mpaka saa saba na nusu. Nenda kamuulize. Na ukimaliza mwambie mdogo wako aanze kutubu."

Zabibu alikwenda. Anton, mke wake na wapangaji watatu walisema hivyohivyo: Fikiri alikaa barazani kwao akicheza bao na kushindwa kila mkono. Si yeye.

Saa tano aliomba ruhusa kwa askari aliyelinda gari, akasafishe damu, maana ndugu hawakuwa na moyo wa kuigusa. Askari akampa dakika kumi. Alifuta dari, akafuta swichi, akafika kwenye kontrola. Skrubu moja ilikuwa imelegea, na kisanduku kilicheza. Alipokishika kisianguke, mkono wake ulishuka.

Kilikuwa kizito kama nusu tofali.

Alikaa chini kwenye sakafu iliyolowa. Alhamisi mchana aliwaletea chai, na Salmini alikuwa ameifungua kontrola akamwambia, "Hebu nishikie hii, mama." Aliishika kwa vidole viwili, sinia likiwa mkono wa pili. Yeye hupima maharage na mchele kwa kiganja kila siku ya Mungu, na mama wa sokoni hajawahi kumpunja. Ile ya Alhamisi ilikuwa nyepesi kama kopo tupu. Alikumbuka pia walichosema. Masele alikuwa na mita yake: "Ampea tisa tu, bosi, na jua lote hili." Salmini akaikodolea macho kontrola, uso umemkauka.

Kumbe kontrola ya Alhamisi siyo hii. Na nani anayeweza kupata nyingine inayofanana nayo kwa sura, kama si mwenye duka?

Alikwenda kwa Khole. Mjane alikuwa ameingia eda, haonekani na wanaume, amekaa jikoni na dirisha lake la pazia linalotazama uani.

"Bi Khole, pole tena. Marehemu alikuambia chochote Alhamisi, juu ya vifaa?"

Khole hakuinua macho. "Hakuniambia kitu."

"Bi Khole, mdogo wangu atanyongwa."

"Kila mtu ana ndugu yake, Zabibu," Khole alijibu, akageukia ukuta.

*

Jumapili saa mbili asubuhi Zabibu alipanda ngazi kukusanya michembe. Siku mbili hakuna aliyeikumbuka. Alipiga magoti juu ya paa la gari, akaanza kuokota, kisha mkono ukasimama.

Hapo juu paneli mbili zilifungwa ubavu kwa ubavu, kioo kimelala kuangalia mbingu. Ijumaa saa mbili, wakati Salmini anamshikia ngazi, alisema, "Anika tu hapo, kupima tutapima alasiri." Naye alianika kipande ubavuni mwa kipande, mstari kwa mstari, mpaka kioo hakikuonekana. Mtu aliyesimama chini hawezi kuona kilichoko juu ya Hiace ile.

Aliirudisha michembe aliyookota, kila kipande kwenye alama yake, akashuka, akaenda kituoni kwa miguu.

Inspekta Apolinaria alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Rudia tena, polepole."

*

Saa kumi jioni watu wa msiba walikuwa kwenye mikeka uani. Musab alikaa karibu na gari, akipokea pole. Inspekta alivuta kigoda.

"Bwana Musab, nataka kuhakiki maelezo yako. Kontrola ilisoma ngapi?"

"Ishirini na sita, afande. Nimeshasema."

"Uliona kwa macho yako?"

"Haya haya mawili."

"Pengine paneli zilikuwa na kivuli?"

"Kivuli kitoke wapi saa sita? Jua la utosini!"

"Zabibu, panda," Inspekta alisema.

Zabibu alipanda. Inspekta akamwashiria Musab naye akwee hatua tatu. Alipofikisha kichwa juu ya paa, rangi ilimtoka.

"Iko hapa tangu Ijumaa saa mbili asubuhi," Zabibu alisema. "Kioo chote kimefunikwa. Na leo mchana kutwa askari wa afande wameiangalia kontrola. Haikufika hata ampea moja."

"Mwongo! Umeanika jana, kumwokoa mdogo wako!"

Zabibu akachukua kipande kimoja, akamrushia Bibi Amne aliyekaa kwenye mkeka wa wanawake, mzee wa Kinyamwezi aliyekausha viazi kabla wote pale hawajazaliwa. Bibi alikipinda, kikavunjika: ka! Akakitia mdomoni, akatafuna bila haraka.

"Hii ni ya siku tatu," alisema. "Ya jana ingepinda. Wewe kijana, hujui hata kudanganya watu wa huku."

Mtu mmoja alicheka.

"Hapakuwa na furaha yoyote ya ampea," Inspekta alisema. "Ulitaka tuamini vifaa vyako ni vizima na mliachana vizuri. Kwa nini? Na kwa nini kontrola nyepesi ya Alhamisi imegeuka nzito?"

"Unasikiliza mpishi? Ati mkono wake ni mzani?"

"Musab."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la jikoni. Wote wakageuka.

"Ijumaa uliingia hapa kunawa," Khole alisema. "Saa sita na nusu. Nikasikia kitu kimetumbukia kwenye pipa la maji. Jioni ileile nikakitoa. Siku mbili nimekilalia chini ya mto wangu, nikisema huyu ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja." Sauti ilikatika, ikarudi. "Lakini Salmini aliniambia. Aliniambia ulivyouza vya bandia. Nyumba ya kina Mahona kule Igunga iliungua kwa kontrola kama hii, mama na watoto wawili ndani, ukasema ni panya wamekula waya. Alisema Jumatatu anakwenda Igunga na polisi."

Pazia lilisogea. Kisanduku cheusi kikaanguka uani, kikaviringika mpaka miguuni pa Inspekta. Kilikuwa chepesi, hakikutoa hata kishindo.

"Dada!" Musab alinguruma.

Aliruka chini, akaikamata ngazi na kuivuta. Zabibu, aliyekuwa ameshaweka mguu kushuka, aliporomoka akapiga mgongo ardhini. Musab alikuwa ameshalitwaa panga la kupasulia kuni za msiba. Pigo la kwanza lilimchana Zabibu bega mpaka akaona weupe wa mfupa. La pili lilikuwa juu kabisa, linashuka, Apolinaria alipofyatua. Goti la Musab lilipasuka, akaanguka juu ya kuni akilia kama mnyama.

Askari walimlalia. Alikuwa anatema vumbi na damu, na bado anasema.

"Nilimsihi! Nilimletea kontrola halisi, nikamwambia nitarudisha kila kitu, nitawaomba radhi kina Mahona. Akasema, waliokufa utawaomba vipi radhi? Halafu akanipa mgongo, anafungua skrubu zake. Alinipa mgongo kama mimi si kitu! Spana ilikuwa hapo. Nikafunga ile halisi, ya bandia nikaondoka nayo."

"Na Masele?" Inspekta aliuliza.

"Aliondoka saa tano na nusu. Nilimsubiri aondoke."

*

Jumatatu saa nne asubuhi Apolinaria alifungua pingu kitandani kwa Masele kwa mkono wake mwenyewe. Madaktari walikuwa wamesema mguu utapona, jicho la kushoto halitaona tena. Zabibu alikaa kando, bega limeshonwa nyuzi kumi na nne.

"Uko huru, Masele," Inspekta alisema. "Lakini faili langu lina kesi nyingine. Nani walikupiga?"

"Sijui, afande. Walikuwa wengi. Niliona vumbi tu."

Mlango ukagongwa. Fikiri aliingia na chupa ya uji, kofia kwapani, anacheka kicheko cha aibu.

"Dada Zabibu, habari za mgonjwa? Mama watoto kapika uji wa ulezi. Ile siku, unajua tena, hasira za watu... Tumefurahi wote mtaani, kijana hana hatia."

Zabibu aliipokea chupa, akaiweka juu ya kabati. Akamvutia Fikiri kiti.

"Kaa," alisema. Kisha akamgeukia Inspekta aliyekuwa ameshafungua daftari lake. "Andika, afande. Walikuwa kumi na moja, nawajua wote. Wa kwanza ni huyu."