Hodi Ugenini

Jioni ya siku yangu ya kwanza ugenini ilinikuta dukani, natafuta balbu. Ya chumbani ilikuwa imeungua, na msimamizi wa bweni alinieleza kwa ishara kwamba mwanafunzi hujinunulia mwenyewe. Lugha yao sikuwa naijua hata ya kuombea maji. Nilimzungushia muuzaji mkono hewani kama anayefunga balbu, akaniletea yai. Tukacheka wote wawili, kisha akanielewa, nikarudi nikijiona nimeshafaulu mtihani wa kwanza.

Kicheko chenyewe kilikuwa cha juujuu. Tangu uwanja wa ndege sikuwa nimetamka neno likaeleweka, na upweke ulikuwa umenikaba.

Bweni lilikuwa kimya. Wenzangu walikuwa hawajafika, milango yote ya korido ina makufuli. Nilipanda juu ya kiti, nikaanza kupapasa dari nikitafuta pa kufungia balbu.

Mlango ukagongwa. Taratibu.

"Hodi…"

Kwa lugha yangu.

Ilikuwa sauti ya msichana, nyembamba, kama anayezuia kicheko. Nyumbani tulikatazwa kuitikia hodi jua likishazama, mpaka tuuone kwanza uso wa anayebisha. Mama alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa jambo lolote. Lakini mambo ya nyumbani nilidhani nimeyaacha nyumbani, na masikio yangu yalikuwa na njaa.

"Karibu," nikasema kwa furaha. "Karibu ndani."

Nikaruka chini, nikafungua mlango. Korido ilikuwa tupu.

Nikaufunga. Nikapanda tena kitini, nikamalizia balbu, nikawasha taa. Chumba kilinuka moshi wa utambi uliozimwa sasa hivi. Na kitandani, shuka nililolitandika mwenyewe lilikuwa limebonyea… pale ambapo mtu angeketi.

Nilimpigia mama. Nyuma yake nilimsikia Chiriku, mdogo wangu wa mwisho, tuliyempachika jina hilo kwa sababu hanyamazi. Mama alisema mtoto hali vizuri tangu niondoke, kutwa ananingoja nirudi. Nikamsimulia yaliyonipata. Nilitegemea anicheke.

Alimnyamazisha Chiriku.

"Sauti ilikuwaje?" aliuliza kwa mnong'ono.

Nikamwambia. Nikamsikia akianza kulia.

"Hiyo ni ya mama yako mdogo. Ndivyo alivyokuwa akiongea, kabla hajaitikia."

Mama mdogo nilimjua bubu. Tangu nipate akili sikuwahi kumsikia akitamka neno, na sisi watoto tuliambiwa ni homa ya usichanani. Nilimuuliza mama huyo mgeni ni nani. Hajui, alisema, na waliojaribu kujua hawakufika mbali. Anachojua ni kwamba haondoki mikono mitupu.

"Akikusemesha usimjibu, mwanangu. Hata akikusalimia, usi…"

Godoro likalia nyuma yangu.

"Mama hajambo?"

Aliuliza kwa upole, kama jirani wa siku nyingi. Nami nimelelewa vizuri. Salamu huijibu kabla akili haijafika.

"Hajambo," nikasema.

Nililisikia neno likitoka, na koo likabaki baridi. Shuka likajinyoosha. Mlango ukafunguka, ukajifunga, na ile harufu ya moshi ikatoweka. Nilimshukuru Mungu moyoni. Nilidhani yamekwisha.

Simu ilikuwa bado sikioni. Mama alikuwa ananiita, anarudia kuniita. Nikafungua kinywa nimwambie ameondoka.

Pumzi tu.

Nikajaribu tena. Nikajikamua mpaka machozi yakanitoka. Pumzi tu.

Kisha huko nyumbani, mbali kidogo na simu, nikasikia mlango ukigongwa. Taratibu.

"Hodi…"

Safari hii haikuwa sauti ya mama mdogo. Ilikuwa yangu.

Mama alitamka jina la Mungu, simu ikamponyoka. Niliigonga yangu mezani, nikaigonga ukutani, nikapiga mateke kiti, ili wasikie kishindo chochote kutoka kwangu, wajue niko huku. Nilichosikia mimi ni miguu midogo ikikimbia sakafuni, na mama akimkataza, na ile miguu ikimpita.

"Ni dada, mama. Dada amerudi," Chiriku alisema, akicheka. "Karibu, dada. Karibu ndani."