Ndara za Mlangoni

Nyumbani kwa Jumwa, Bombolulu, ndara za mpira zilikaa mlangoni mwa jikoni. Hazikuwa za kuendea bafuni. Zilikuwa za kuvaa mtu anapotaka kugusa mashine.

Mashine hiyo ilikuwa ya kuoshea vyombo. Katana, mumewe, kibarua wa bandarini Kipevu, aliinunua ikiwa kuukuu, imetoka ng'ambo. Jumwa hupikia wafanyakazi wa karakana chakula cha mchana, na sahani arobaini kila siku zilikuwa zimemchubua vidole. Siku ya kwanza aliipenda mno. Siku ya tatu ikampiga shoti.

"Inatekenya tu," alisema Katana. "Vaa ndara, utakuwa salama."

Basi wakaishi hivyo. Hebu fikiri! Watu wazima wanaogopa chombo chao wenyewe, na bado wanakiwasha kila siku. Maji yakianza kupata moto ndani ya mashine, Jumwa alijitenga nayo. Alimhofia zaidi Mweri, binti yao wa miaka mitano, maana hakai na viatu hata kidogo.

Alhamisi moja mashine ilivuja ikiwa imewashwa. Jumwa alikuwa uani akianua nguo. Alipogeuka, alimwona Mweri jikoni, miguu mitupu, amesimama kwenye maji. Mkono ameunyoosha kwenye mlango wa mashine.

"Mweri!"

"Abee, mama?"

"Usiguse! Rudi nyuma! Njoo kwangu!"

Mtoto akasita. Kidole kilikaribia kabisa chuma. Kisha akarudi, hatua moja, ya pili. Jumwa akamnyakua, akakimbia naye nyumba ya jirani, kwa Rispa, fundi wa stima. Bila hata salamu, akamweleza.

Walipofika kwa Jumwa, Rispa hakukimbilia jikoni. Kwanza alizima swichi kubwa ya nyumba nzima. Ndipo akaingia, akachomoa plagi.

"Mama Mweri, plagi hii ina pini mbili. Soketi ina matundu matatu. Mliiingizaje?"

Jumwa akainama. "Baba Mweri alichokoa tundu la juu kwa kijiti."

"Wengi hufanya hivyo. Lakini tundu hilo ni la waya wa ardhi. Stima ikivujia kwenye chuma, waya huo unaipeleka ardhini. Waya usipoungwa, stima inapita kwa yeyote atakayegusa."

"Na ndara je?"

"Zikilowa hazisaidii kitu. Dada, mngemzika mtoto."

Jumwa akaketi chini, akalia.

Rispa alifungua mashine. Hita ya kupashia maji moto ilikuwa na ufa, na mpira wa mlango umechakaa. Kesho yake alivibadilisha vyote viwili. Akakata plagi ile, akafunga ya pini tatu, waya wa ardhi ukiwa mahali pake, kisha akaiwasha mashine. Katana alinyoosha mkono ajaribu kugusa.

"Ngoja!" Rispa akamzuia. "Stima haipimwi kwa mkono." Akaweka testa, bisibisi yake ya kupimia stima, kwenye chuma. Taa yake haikuwaka.

Sasa ni wiki ya tatu, mashine haijampiga mtu shoti. Lakini Mweri bado husimama mlangoni akiangaza huku na huku.

"Baba, ndara ziko wapi?"

"Nimezitupa, mwanangu," Katana alimjibu jana. "Ni mimi niliyewafundisha vibaya."

Akamshika mkono, wakaingia jikoni pamoja. Sakafu ilikuwa kavu.