Kurasa Kumi na Moja za Fatawu

— Wewe ndiye Wunpini wa mafuta ya shea? Wateja wako wananisumbua tangu asubuhi.

Nilikuwa nakanda mafuta hayo ya kupaka uani kwetu, Tamale, Ghana, simu nimeibana begani.

— Wewe nani, dada?

— Azara, niko mji wa Wa. Na mimi nauza mafuta. Fungua tovuti yako, ukurasa wa mawasiliano. Hiyo namba ni yangu; yako nimeiona ukurasa wa mwanzo.

Nikanawa mikono chapuchapu. Tovuti kanitengenezea mchumba wangu Fatawu, na ndoa yetu ilikuwa Ijumaa. Mwanzo ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Tangazo letu la mtandaoni likakataliwa mara tatu, wakaguzi wa matangazo wakisema hawana uhakika kama sisi ni biashara ya kweli. Fatawu akasema mwenye ukurasa mmoja anaonekana tapeli. Siku hiyohiyo akaongeza kumi na moja: sisi ni nani, mawasiliano, kurudisha bidhaa, sijui sera ya nini. Tangazo likapita. Nikamsifu mpaka kwa mashoga zangu, mjinga mimi.

Namba kweli haikuwa yangu.

— Sasa soma "Sisi ni Nani," Azara akasema.

"Biashara hii ni ya Fatawu na mkewe mtarajiwa, Azara." Jina la duka kalibadilisha, la mwanamke kalisahau.

— Dada, Fatawu ni nani wako? nikamuuliza.

— Mchumba wangu. Kola zake za uchumba ziligawiwa kwetu mwezi uliopita.

— Kwetu ziligawiwa juzi, nikasema.

Azara akasonya.

— Mshenzi yule.

Hapo ujumbe ukaingia: "Mpenzi, oda zimeanza?"

Nikajibu: "Zimeanza. Njoo." Nikamwomba Azara asikate, nikaweka sauti ya juu.

Fatawu akaja anatabasamu, kompyuta kwapani.

— Azara ni nani? nikamuuliza.

Tabasamu likakauka.

— Aa, mteja tu. Nilinakili kurasa zake ili zako zifike idadi. Wakaguzi wanataka kuona nyingi, Wunpini, unajua.

— Mteja? sauti ya Azara ikatoka kwenye simu. Jana uliniita mama wa wanao, Fatawu.

Akaikodolea simu macho. Kisha akageuka mbogo.

— Kwani kosa nini? Dini inaniruhusu wawili.

— Dini ilikuruhusu kuoa, haikukuruhusu kutuficha, nikamwambia. Wale wakaguzi hawakujui, wakataka kurasa kumi na mbili ndipo wakuamini. Mimi nilikuamini kwa mdomo wako tu.

— Wunpini, tuongee ndani, watu wanasikia.

— Wasikie.

Baba alikuwa kibarazani anatawadha. Nikamfuata.

— Baba, Ijumaa hakuna ndoa.

Akaweka birika chini, akamtazama Fatawu aliyesimama katikati ya ua.

— Kakufanyia nini?

— Muulize yeye, baba. Nataka aseme kwa mdomo wake, na yule dada kwenye simu asikie.

Fatawu akautazama mlango wa uani. Baba akakaa kumsubiri.