Salamu kwa Abuela Zabibu

"Rudia tena, Eulalia. Umesema salamu kwa nani?"

Zabibu aliuliza kwa Kihispania. Alikuwa hewani, studio ya redio ya jamii pale Turffontein, Johannesburg. Eulalia alikuwa kijijini kwao Mexico, kwenye redio ya wanakijiji. Kila Jumamosi wanaunganisha vituo: wa kule wanaomba nyimbo na kusalimiana kwa Kihispania, wa huku kwa Kiswahili, Zabibu anatafsiri. Lugha yenyewe kaiokota akiuza mitandio Jeppestown, simu ikimwimbia redio za Kihispania kutwa. Za biashara zilimchosha kwa matangazo ya sabuni, za serikali zilimsinzisha, hizi za jamii zikamteka, maana watu wake wanapenda salamu kama watu wa kwao Tanga.

"Nasoma kama ilivyoandikwa," Eulalia alicheka. "Kutoka kwa Karimu, Johannesburg: 'Salamu kwa abuela wangu Zabibu. Abuela, nakupenda, siogopi tena watu kusikia.' Mjukuu wako ana adabu!"

Abuela! Yaani bibi, mama mzaa mama! Zabibu akaweka wimbo haraka, akafunga kipaza sauti, machozi hayo.

Karimu, fundi simu aliyetoka Bujumbura, alikuwa mpenzi wake wa siri. Mwanaume mzuri, mpole, ila mbele za watu bubu. Juzi Zabibu alimwambia wazi: "Mjomba Mahmoud anataka jibu langu kuhusu Seif. Ukinyamaza, naolewa naye." Na Zabibu kamzidi Karimu miaka minne, jambo linalomkera mwenyewe kuliko yote. Leo mtu anafungua mdomo, anamwita kikongwe mabara mawili yakisikia!

Simu ikaita. Karimu. Akakata. Ujumbe ukaingia:

"Umesikia bibi yangu? Nimetafsiri na kompyuta nikatuma Mexico, ili dunia yote ijue!"

Akajibu: "Mimi bibi yako? Kukuzidi miaka minne ndiyo nimekuwa kikongwe? Namkubali Seif leo leo."

"Eish! Bibi ni tusi? Kwetu kila mwanaume anataka kuoa bibi!"

Zabibu akaisoma mara ya pili. Akapiga yeye.

"Karimu, kwenu mnaoa mabibi?"

"Sasa tuoe nani? Bibi si ule mwanamke wako wa nyumba? Mwenye umeoa?"

"Huyo ni mke!"

"Ni kile kile!"

"Si kile kile, mwanaume wewe! Kwetu bibi ni mama yake mama. Kompyuta yako imenifanya ajuza Mexico nzima!"

Karimu akasema taratibu, "Ni mimi mwenye kukuharibia jina. Nisamehe, Zabibu."

Zabibu alitaka kununa, kicheko kikamshinda. Akacheka mpaka mbavu zikauma, na hasira zote zikamtoka.

Wimbo ulikuwa unaisha. Akafungua kipaza sauti.

"Wapenzi wasikilizaji, tafsiri ilikosewa. Kule Burundi bibi ni mke. Aliyesalimiwa ni mimi, na mimi si ajuza wa mtu." Akarudia kwa Kihispania. Eulalia akapiga kelele za furaha, nyuma yake studio nzima ikapiga makofi.

"Na umemjibuje?" Eulalia akauliza.

"Nimemkubali."

Simu ya pili ilitoka kwa Mjomba Mahmoud.

"Nimesikia, mwanangu. Seif nimwambie nini?"

"Mwambie aniwie radhi, mjomba."

"Na huyo Mrundi?"

"Ataleta wazee."

"Haya, waje. Nyumba ni yao."

Kipindi kilipokwisha akatoka nje. Karimu alikuwa amesimama getini, jasho linamtoka, amekuja mbio kutoka Jeppestown. Majirani wanawatazama, wengine wamepunguza redio ili wasikie vizuri.

"Umekubali kweli?"

"Si umesikia redioni?"

"Nimesikia."

"Mimi sijasikia kitu. Umewaambia Mexico, umesema kwa kompyuta. Niambie mimi, kwa mdomo wako, hapa hapa."

Karimu akawaangalia majirani. Akamshika mkono mbele yao wote.

"Zabibu, nakupenda. Nataka nikuoe."

"Sema kwa nguvu."

Akasema kwa nguvu.