Papa Augustin Apewa Kazi Tena

Kila kulipokucha, mzee Augustin alikuwa ameshavaa: ovaroli, buti na kofia ngumu ya kiwandani. Alistaafu zamani, lakini mguu wake bado uliijua njia ya kiwanda cha shaba.

"Papa, unaenda wapi?" binti yake Fidélie alimwuliza, akizuia mlango.

"Ku kazi. Nikichelewa, chef wa kazi atakasirika."

"Kazi iliisha, papa. Uko pensionné. Kule habakutake tena."

Uso wa mzee ulikunjamana. "Banifukuza? Juu ya nini? Miye sikuiba kintu!" Akalia. Kesho yake alikuwa amesahau. Akavaa tena, akaambiwa tena, akalia tena. Masikini, mtu kufukuzwa kazi kila asubuhi!

Fidélie akazificha buti. Mzee akatoka pekupeku, akaokotwa kwenye barabara ya Kakontwe, malori ya mawe yakimpita ubavuni. Majirani wakanong'ona kuwa amerogwa. Bertin, kaka yake Fidélie, akataka papa afungiwe chumbani. Fidélie hakujua la kufanya. Akimfungia, atakufa kwa huzuni. Akimwacha, lori litamgonga.

Kilichomuuma zaidi ni kukumbuka enzi zile. King'ora cha kiwanda kilipolia jioni, watoto wa kambi ya wafanyakazi walikimbilia barabarani. Baba zao walirudi kwa baiskeli, wamejaa vumbi, wakitaniana. Papa alimpandisha mbele na kumpa kipande cha mkate alichokuwa amembakizia. Ah, siku zile zilikuwa tamu!

Blandine, muuguzi wa kituo cha afya cha jirani, alikuja kumwona mzee.

"Haiko bulozi," alisema. "Ni ugonjwa ya bongo, banaita démence. Dawa ya kuiponyesha haiko. Lakini tunaweza kumusaidia, na weye pia. Usimubishie. Mupatie kazi apa nyumbani."

Wakakaa pamoja na kugawana kazi. Daktari alimpima mzee, akamwachisha vidonge vya usingizi alivyokuwa akinunuliwa sokoni, ambavyo vilizidi kumchanganya. Bertin angetembea naye asubuhi. Tina, mke wa Bertin, angekaa naye Jumapili. Buti zikarudishwa, na bolti kuukuu zikamwagwa mezani.

"Papa, leo kazi ni kuchagua izi," Fidélie alisema.

Mzee akakaa, akachagua kubwa na ndogo, akipiga mluzi.

Baada ya miezi michache Blandine alirudi.

"Nakuya kuangalia kama mupango yetu inafaa. Papa analala?"

"Analala muzuri."

"Anapotea?"

"Apana, hapotee tena."

"Na weye, unapumuzika?"

Fidélie akainama, akakiri kuwa hapumziki. Kumbe kila Jumapili alimrudisha Tina kwake. Aliona aibu kumwachia mtu mwingine baba yake.

"Basi mupango inafaa nusu tu," Blandine alisema. "Ukigonjwa weye, nani atamuchunga?"

Mzee aliinua kichwa kutoka kwenye bolti zake. Siku hiyo hakumtambua binti yake. Akamnyooshea kidole.

"Uyu mama anatumika kazi sana. Anachoka. Mumupatie congé, apumuzike."

Wakacheka wote, na Fidélie machozi yakamtoka.

Jumapili iliyofuata alipanda taksi-basi hadi Tshangalele, kando ya ziwa, kwa rafiki yake. Akala samaki, akapiga soga, akalala mchana kweupe. Jioni alimkuta papa ameshiba, amevaa safi, anacheza karata na Tina.

"Umerudia?" mzee akauliza. "Ulipumuzika?"

"Nilipumuzika sana, papa."

"Muzuri. Kesho tutatumika kazi pamoja."