Pepo Aliyekatizwa Kauli

Mara ya kwanza Honorata alipoisikiliza ile santuri, pepo alisema, "Nirudisheni kwetu." Mara ya pili alisema, "Nirudishe kwetu, wewe unayesikiliza."

Honorata akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Ngoma, kayamba, vigelegele, kisha maneno yaleyale. Akayaandika kwenye kompyuta, akaenda kula.

Kazi yake, katika hifadhi moja ya sauti mjini Washington, ilikuwa kuandika Kiswahili kilichomo kwenye santuri za zamani. Hii ilikuwa ya alumini, imenaswa Pangani, pwani ya Tanganyika, kabla ya Vita vya Pili. Enzi hizo wasomi wa Kizungu walizunguka na mashine mpya za kunasa sauti. Walinasa nyimbo, matanga, hata ngoma za pepo, wakiamini kwamba reli, shule na redio vitazifuta punde. Lakini santuri moja ilibeba dakika chache tu. Katika hii, fundi wa ngoma anamuuliza pepo anataka nini. Pepo anajibu kwa kinywa cha mwanamke aliyempanda, yule ambaye watu wa pwani humwita kiti. Fundi anasema, "Haya, tutaku—" na hapo nafasi inaisha.

Wakati mwingine Honorata angeogopa. Lakini mama yake alikuwa amefariki Bukoba, naye kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji hakuweza kusafiri. Mazishi aliyatazama kwenye simu, ndani ya gari, kabla ya kuingia kazini. Tangu siku hiyo hakulia. Alipika, alifua, alipanda treni. Hata alipoanza kupata ganzi kwenye ncha za vidole hakumwambia mtu.

Nyumba yao ya kupanga Takoma Park ilikuwa ya kale, na vyuma vya joto ukutani vilizoea kugonga maji yakipita ndani. Juma lile viligonga kwa mpigo.

"Mama Queen, unasikia?" mumewe, Lusekelo, alimnong'oneza walipokuwa mezani. "Ni kama ngoma."

"Ni mabomba."

"Na huu udi? Nani amechoma udi humu?"

Honorata alinusa. Udi, na chini yake harufu ya ngozi mbichi iliyoanikwa. Aliendelea kula.

Jumamosi asubuhi binti yao, Queen, aliingia jikoni kutafuta maziwa akapiga ukelele uliomtoa Lusekelo bafuni na sabuni usoni, naye alipofika mlangoni alimkuta mkewe amesimama wima mbele ya jiko, kiganja cha kushoto kimelazwa juu ya sahani ya umeme iliyoiva nyekundu, moshi mwembamba unapanda, harufu ya nyama inajaa chumba, na uso wake umetulia kama wa mtu anayengoja basi, huku vyuma vya ukutani vikigonga kwa kasi mpaka vikombe vikacheza kabatini.

Alimvuta. Honorata akamgeukia taratibu, akasema kwa sauti nzito ya mtu mwingine:

"Miye nangoja jawabu langu."

"Mommy?" Queen aliita.

"Mama yako hayupo. Hiki ni kiti."

Lusekelo alikifunga kile kiganja, akanyunyiza maji ya baraka, akasali hadi sauti ikakauka. Hospitali aliiogopa: angeeleza nini? Mwishowe alimpigia Bi Mwanaidi, mwenyeji wa Pangani, aliyefanya naye kazi ya kutunza wazee huko Gaithersburg. Bibi yake Bi Mwanaidi alikuwa fundi wa ngoma za pepo, na kazini walimtania kwa hilo.

Alifika mchana huohuo, theluji ikidondoka. Hakuwa na tunguri wala kitabu. Aliagiza Queen apelekwe kwa jirani, akaketi sakafuni mbele ya Honorata.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba. Fundi yuko wapi? Alikuwa akinisemeza."

"Alikwambiaje?"

"Alisema, haya, tutaku... Mzungu akainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Wote wakamtazama Mzungu na mashine yake. Miye sikujibiwa."

Bi Mwanaidi alimsogelea. "Fundi amekufa," alisema kwa upole.

"Na kiti changu? Binti Shomari?"

"Amekufa naye. Wote waliokuwapo wamekufa, bwana. Ni zamani mno."

Vyuma vya ukutani vilinyamaza. Uso wa Honorata ulijikunja polepole, na machozi yakaanza kutoka, kwanza moja moja, kisha kwa kwikwi zilizomtikisa mabega, na Lusekelo, aliyesimama kwenye kona, hakuweza kujua ni nani kati ya wawili wale anayelia.

Bi Mwanaidi alimshika mikono. Akainamia sikio lake, akasema maneno ambayo Lusekelo hakuyapata. Mara Honorata akapiga kelele:

"Mkono! Baba Queen, mkono wangu unaungua!" Kisha, kwa sauti yake mwenyewe: "Mama yangu! Mama yangu amekufa!"

Lusekelo akampakata, akalia naye. Kwa muda mrefu hakuna aliyemkumbuka mgeni. Lusekelo alipogeuka, Bi Mwanaidi alikuwa amevaa koti, yuko mlangoni, viatu ameviacha, anakanyaga theluji ya kizingitini kwa miguu mitupu.

"Bi Mwanaidi! Viatu! Utaumia kwa baridi!"

"Nitaumia wapi, mwanangu," alijibu bila kugeuka. "Nimemuahidi nitamfikisha. Nauli ya Pangani sina mpaka kiangazi, na hawezi kungoja hewani."

"Basi atakaa wapi?"

Bi Mwanaidi alimgeukia. Alitabasamu upande mmoja tu wa uso.

"Kwaheri, baba," ikasema ile sauti nzito. "Huyu mama ana nafasi."

Akashuka ngazi, akielekea kituo cha basi, theluji ikimwangukia kichwani bila yeye kuifuta.