Nakala Mbili

Mlango ulijifunga nyuma yake.

Sindano akavuta kitasa. Wapi! Amenaswa kama panya, saa tano kasorobo asubuhi, na ovaroli ya fundi viyoyozi mwilini.

Ndani mlikuwa na baridi kali, kompyuta moja, na orodha aliyotumwa kuiangamiza: majina manne ya watu waliowachongea wasafirisha silaha kwa Idara ya ujasusi aliyoitumikia. Jina la tatu lilikuwa la dada yake, karani wa bandarini. Saa sita mnunuzi wa orodha angeipata, na dada asingefika jioni.

Nakala zilikuwa mbili. Moja hapa, nyingine kwenye mtambo wa kompyuta ulioko ng'ambo. Aliingiza nywila ya kuufungua ule wa mbali.

Imekataliwa.

Akarudia. Imekataliwa. Mkubwa wake aliapa kwamba nywila hiyo ni mpya, ya jana. Haya, ya jana. Leo ni leo.

Redioni kikosi cha Idara kilichojificha karibu kilimkumbusha kwamba hakitavamia orodha ikiwa hai. Mtu mmoja akiituma tu, yamekwisha.

Nje ya mlango Tajiri, muuzaji wa orodha hiyo, alikuwa akifoka. Amemwona kwenye kamera. Sindano alikuwa amesikiliza simu za mtu huyu miezi saba. Haamini binadamu, haamini mashine. Akishtuka kidogo, humwamuru fundi wake wa kompyuta aulinganishe mtambo wa mbali na huu. Kilichopo hapa kiwekwe kule. Kisichopo hapa, kule kifutwe.

Sindano akaifuta orodha ya hapa.

Kisha akapaza sauti: "Bwana mkubwa, faili zako nazifagia zote!"

"Hamisha kila kitu ng'ambo," Tajiri akamwambia fundi wake. "Sasa hivi."

"Bosi, tuangalie kwanza..."

"Nimesema sasa."

Haraka haraka haina baraka. Maandishi yakakimbia kwenye skrini.

Faili 210 zimelinganishwa. Faili moja imefutwa ng'ambo.

"Imekufa," Sindano akanong'ona redioni. "Ingieni."

Dakika tatu baadaye alimruka Tajiri aliyelazwa kifudifudi, akatoka. Bastola yake, Glock, haikuchomolewa. Barabarani akampigia dada yake.

"Niko kazini, mdogo wangu. Una shida gani?"

"Sina. Nilitaka kukusikia tu."

"Una wazimu wewe," dada akasema, akakata simu.

Sindano akavuka barabara taratibu, mikono mfukoni.